Kuandaa Kompyuta kwa Kijapani: Jihadhari na Jina Lako la Katakana

Ndugu unayejiandaa kwenda Japani kusoma au kufanya kazi, au uliyefika juzi na bado unajaza fomu zote kwa simu, ninakuomba utenge jioni moja uiandae kompyuta yako isome na kuandika Kijapani kabla hujafungua akaunti ya benki. Ninasema kabla, wala si baada, kwa sababu jina utakaloliandika kwa katakana, yaani herufi za Kijapani za kuandikia maneno na majina ya kigeni, katika fomu ya kwanza litakufuata kwa mwajiri, kwa kampuni ya simu, kwenye bima na kwa mwenye nyumba. Likishaandikwa kwa namna mbili katika ofisi mbili, kulisawazisha kutakuchosha kuliko kufuatilia pasipoti iliyokwama uhamiaji.

Maandalizi yenyewe si magumu. Katika Windows, fungua mipangilio, ingia sehemu ya saa na lugha, ongeza Kijapani, nawe utapata Microsoft IME, programu inayogeuza herufi unazopiga kuwa za Kijapani, ambayo huwashwa na kuzimwa kwa kubonyeza Alt pamoja na kitufe kilicho chini ya Esc kwenye kibodi ya Kiingereza. Katika Mac, nenda kwenye mipangilio ya kibodi, ongeza Kijapani katika njia za kuingiza maandishi na uchague ile ya romaji, yaani ya kupiga kwa herufi za Kilatini. Kwa wanaotumia Linux ya Debian au Ubuntu, sakinisha ibus-mozc ya kuandikia na fonts-noto-cjk ya fonti, kisha toka kwenye akaunti yako ya kompyuta na uingie tena. Hakikisha pia kwamba katika orodha ya lugha za kompyuta Kijapani kimetangulia Kichina kama umeviweka vyote viwili, kwa kuwa herufi kama 直 na 骨 zina namba moja katika Unicode, orodha ya kimataifa ya namba za herufi, lakini huchorwa tofauti katika nchi hizo mbili, na mwanafunzi anayesoma kwa fonti ya Kichina hujikuta akiiga umbo ambalo mwalimu wake wa Kijapani atalikata kwa kalamu nyekundu.

Sasa nije kwenye mtego wenyewe. Kadi ya ukaazi unayokabidhiwa uwanja wa ndege ina jina lako kwa herufi za Kilatini kama lilivyo kwenye pasipoti, na kwa kawaida haina katakana. Lakini karibu kila fomu nchini humo ina kisanduku kilichoandikwa フリガナ (furigana), kinachotaka matamshi ya jina lako kwa katakana, na hakuna hati yoyote uliyonayo inayosema jina hilo liandikweje. Jina langu linaanza na Mwa-. Mhudumu wa benki aliliandika ムワ (muwa) kwa jinsi alivyolisikia, na karani wa mwajiri akaliandika マワ (mawa) kwa jinsi alivyolisoma. Wote wawili walikuwa na adabu, na wote wawili walikuwa na haki ya kukisia, maana sikuwa nimeambiwa na mtu yeyote kwamba uamuzi huo ni wangu. Mshahara wa kwanza ulipotumwa, mfumo ulilinganisha namba ya akaunti na jina, ukaona havipatani, na fedha zikarudi zilikotoka. Kodi ya nyumba haikusubiri.

Kwa hiyo amua mwenyewe, mapema, na uandike mwenyewe. Ukipiga jina kwa kibodi kama unavyoliandika nyumbani, programu itakupa kitu kingine kabisa. Katika Microsoft IME, herufi L hutumika kuzalisha vokali ndogo, kwa hiyo ukipiga halima utaona はぃま. Lazima upige harima ndipo upate ハリマ. Ukipiga fatuma utapata ファツマ, kwa kuwa tu husomwa kama tsu. Anayetaka ファトゥマ hupiga fatwuma. Vivyo hivyo ti hutoa チ, na ili kupata ティ hupigwa thi, jambo linalowatesa akina Fatima na akina Thabiti kwa pamoja. Mwa haipo kama silabi moja, hupigwa muwa. Mwenye jina linaloanza na Mb- ana njia mbili zinazokubalika, ンバ (n-ba) na ムバ (mu-ba), na hakuna Mjapani atakayekuambia ipi ni sahihi kwa sababu zote ni sahihi. Kosa ni kutumia moja benki na nyingine kazini. Chagua moja. Ukishachagua, usibadilishe hata kama rafiki anayejua Kijapani kuliko wewe anakuambia ile nyingine inasikika vizuri zaidi.

Lipo jambo la pili linaloambatana na hilo, nalo ni upana wa herufi. Kompyuta za Kijapani zina herufi pana, ziitwazo zenkaku, na herufi nyembamba, ziitwazo hankaku. Namba １２３ na namba 123 ni kitu kimoja kwa macho yako, lakini kwa fomu ni vitu viwili, na fomu itakukatalia kwa sentensi moja nyekundu: 全角で入力してください, yaani andika kwa herufi pana, au 半角, kwa nyembamba. Asiyejua kusoma maneno hayo mawili hurudia kuandika jina lilelile hadi ukurasa unafungwa. Jifunze 全角 na 半角 kabla ya kanji, yaani herufi zenye asili ya Kichina, nyingine yoyote. Hata nafasi kati ya majina ina upana wake, na nafasi pana haionekani kwa macho kuwa ni tofauti. Anwani ya barua pepe yenye @ pana haitapokea barua kamwe. Dawa ni vitufe vya juu ya kibodi: kabla hujabonyeza Enter, F7 hugeuza ulichoandika kuwa katakana pana, F8 katakana nyembamba, F9 herufi za Kilatini pana na F10 Kilatini nyembamba. Kwenye kompyuta mpakato huenda ukahitaji kushika Fn pamoja navyo.

Usinakili na kubandika jina lako kutoka kwenye tovuti ya tafsiri. Narudia: usinakili. Tovuti ya tafsiri leo itakupa umbo hili na kesho lile, alama ya kurefusha vokali ー inaweza kuingia kama kistari cha kawaida au kama kanji ya moja 一, na wewe hutaiona tofauti hiyo hadi ofisi ikuandikie. Badala yake, bonyeza kwa kitufe cha kulia alama ya IME iliyo chini ya kioo, chagua 単語の追加 (ongeza neno), na uhifadhi katakana ya jina lako kwa ufupisho wa herufi mbili au tatu. Tangu hapo kila fomu itapata jina lilelile, kwa upana uleule.

Ndugu zetu walio nyumbani hutuambia kwa nia njema kwamba simu inatosha, kwamba kamera yake husoma kila kitu na kutafsiri papo hapo. Ninawapenda, lakini katika hili hawajui wanachokisema. Simu hukusomea fomu. Haikuhakikishii kwamba ulichoandika kimekubaliwa. Na wale wanaotuma vyeti vyenye Mohamed kwenye cheti cha kuzaliwa na Mohammed kwenye kitambulisho, wakidhani kiapo cha wakili kitamaliza mambo kama kinavyomaliza kwetu, wafahamu kwamba huku kinachotazamwa ni pasipoti. Rekebisha majina kabla ya kuomba pasipoti, ukiwa bado nyumbani.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nchi yenye uhodari huu wote bado inamtaka mgeni apime upana wa herufi. Jibu limo katika historia ya mashine zao. Kiwango cha herufi cha mwaka 1969, kinachojulikana leo kama JIS X 0201, kilikuwa na nafasi chache mno, kikabeba katakana nyembamba tu bila hiragana, herufi nyingine za sauti za Kijapani, wala kanji, na benki zilijenga mifumo yao ya kutumiana fedha juu ya msingi huo. Ndiyo maana hadi leo jina la mpokeaji husafiri kwa katakana nyembamba, ambamo ガ (ga) huhesabiwa kuwa herufi mbili, カ na alama yake ya nukta. Ninaiheshimu jamii inayotunza kilichofanya kazi vizuri, na sijawahi kuona treni zao zikifanya mzaha na saa. Hata hivyo ninaamini kwamba kugeuza herufi pana kuwa nyembamba ni kazi ya kompyuta, si ya mhamiaji aliyechoka saa nne usiku, na kwamba ofisi inayoweza kuligundua kosa kwa usahihi mkubwa vile ingeweza pia kulisahihisha.

Kama umenunua kompyuta yenye kibodi ya Kijapani, kagua katika mipangilio ya lugha kwamba Windows imeitambua kuwa ya vitufe 106/109, na kama umetoka na yako nyumbani iwe 101/102. Ikikosea, @ na alama nyingine huhama mahali, na neno la siri ulilopiga bila kuliona halitakuwa ulilokusudia.

Na kama tayari jina lako limeandikwa kwa namna mbili, anza na benki. Chukua pasipoti, kadi ya ukaazi na kitabu cha akaunti, omba kubadilisha フリガナ, na uwaonyeshe umbo unalolitaka likiwa limechapishwa kwa herufi kubwa, si la kusemwa kwa mdomo. Kabla hujaondoka dirishani, lisome herufi kwa herufi pamoja na mhudumu. Kisha peleka nakala ya ukurasa wenye katakana kwa mwajiri na uwaombe walinakili kutoka hapo, halafu kampuni ya simu, halafu bima, ukifuata mpangilio huo.