Somo: Blogu ya darasa la watu 40 bila mwalimu kuelemewa

Kinachoua blogu ya darasa mara nyingi ni foleni ya kusahihisha. Wanafunzi 40 wakituma kazi siku moja, dakika tano kwa kila mmoja, umeshakula zaidi ya saa tatu. Kwa hiyo panga zamu kabla hujafungua akaunti yoyote.

1. Zamu. Gawa darasa makundi matano ya watu wanane. Kila wiki kundi moja linaandika, 32 waliobaki wanasoma na kutoa maoni. Machapisho manane, dakika 40 za kusahihisha. Wasomaji wapangie wewe, wanne kwa kila chapisho. Ukiwaachia wachague, wote watakimbilia kwa rafiki zao na kuna mtoto atabaki bila msomaji hata mmoja.

2. Akaunti. Kwenye WordPress, mtambo wa kuendesha blogu, mpe kila mwanafunzi nafasi ya mchangiaji. Anaandika na kutuma, ila kitufe cha kuchapisha hana. Kazi inasubiri uhakiki wako. Mchangiaji hawezi kupakia picha, na chapisho likishatoka hawezi kulirekebisha. Wengi hudhani mtambo umeharibika, kumbe ndivyo ulivyo. Picha pakia wewe.

Jina la kuingilia lisiwe jina kamili la mtoto. Halibadilishwi kwenye dashibodi (ukurasa wa kusimamia blogu), na kwa kawaida hujitokeza kwenye anwani ya ukurasa wa mwandishi hata ukibadilisha jina linaloonyeshwa. Weka kitu kama *kundi2-04*.

3. Uhakiki wa maoni. Ni mpangilio unaofanya kila maoni yasubiri idhini yako kabla ya kuonekana. Uwashe kabla ya chapisho la kwanza.

4. Kuandika. Maneno 150 hadi 250, rasimu ikiandikwa nje ya blogu, maana intaneti ikikatika katikati kazi inaweza kupotea. Kubandika ni Ctrl+Shift+V, maandishi matupu. Vinginevyo fonti na rangi za programu ya kuandikia zinahamia kwenye blogu nazo.

5. Kufundisha maoni. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo wengi huteleza. "Kazi nzuri!" haimsaidii mtu. Dai vitu vitatu: sentensi moja iliyonukuliwa, ilichomfanyia msomaji, na swali moja. Mfano, chapisho linahusu jaribio la mbegu:

> "Umeandika 'mbegu za gizani zilirefuka kuliko za dirishani.' Nilidhani mwanga ndio unaorefusha. Je, zilikuwa na rangi gani?"

Swali hilo linamrudisha mwandishi kwenye daftari lake la jaribio. Mpe siku mbili ajibu. Maoni yasiyojibiwa huwavunja moyo watoaji.

Maswali ya walimu

Swali: Mwalimu, mimi natumia Blogger. Nafasi ya mchangiaji naipata wapi?

Jibu: Haipo, mwalimu. Kwenye Blogger unayemwalika kama mwandishi anaweza kuchapisha mwenyewe. Kama unataka kuhakiki kwanza, wakuletee rasimu, uchapishe wewe kwa akaunti yako na kuweka mwishoni jina la mtoto lisilo kamili, kama *kundi2-04*.

Swali: Kompyuta ni sita tu. Itawezekana?

Jibu: Ndiyo, kwa sababu wanaochapa ni wanane, si 40. Anayeanza kuchapa kwa maneno 10 kwa dakika anahitaji dakika 20 kwa maneno 200. Waje na rasimu ya karatasi: sita waanze, wawili wafuate. Anayetunga papo hapo mbele ya skrini ndiye anayechelewesha foleni.

Swali: Nisahihishe kila kosa kabla halijatoka?

Jibu: Hapana. Zuia lile linalopoteza maana, na taarifa binafsi. Mengine yawekee alama, mwandishi arekebishe rasimu yake kabla hujaichapisha. Ukinyoosha kila sentensi, wanafunzi wenzake watakuwa wanakusoma wewe.

Swali: Picha za simu zina tatizo gani?

Jibu: Mawili. Ni nzito, hivyo punguza upana hadi pikseli 1200 hivi. Tena huweza kubeba mahali zilipopigwa ndani ya faili. Zima kumbukumbu ya mahali kwenye kamera kabla ya kupiga.