Somo: Kuonja wiski ya miaka 25 iliyolala kwenye pipa la sheri

Wakuu, leo tuko na Glenfarclas ya miaka 25, kilevi asilimia 43, kutoka Speyside huko Scotland. Kiwanda hiki kinamilikiwa na familia ya Grant tangu 1865. Mwenye GlenDronach ya miaka 21 naye akae, somo ni hilo hilo. Bei inauma, na sababu mojawapo ni kwamba kila mwaka asilimia 2 hivi ya kilichomo pipani huyeyuka hewani. Waskoti huliita fungu la malaika. Kwa hiyo changeni, mgawane chupa moja.

Swali la kuingia nalo ni moja: chini ya harufu na ladha ya pipa, wiski yenyewe bado ipo? Pipa la sheri, yaani lililowahi kubeba mvinyo mkali wa Uhispania uitwao sheri, lina nguvu, na miaka 25 si midogo.

Hatua ya 1: Glasi na subira. Tafuta glasi yenye tumbo na mdomo mwembamba. Mimina toti moja, kisha iache dakika 15 hadi 20. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wiski ya umri huu ikimiminwa tu hutoa harufu ya mbao na nta, matunda yanafuata baadaye. Siku hiyo usijipulizie manukato, na msikae upande unaopokea moshi wa nyama choma.

Hatua ya 2: Macho. Itazame, sogea mbele. Sheria ya Uingereza inaruhusu kutia rangi ya karameli kwenye wiski ya Kiskoti, hivyo weusi peke yake si ushahidi wa umri. Glenfarclas hawatii.

Hatua ya 3: Pua. Kazi yenyewe iko hapa. Anza na glasi chini ya kidevu, uipandishe polepole, mdomo ukiwa wazi kidogo ili kilevi kisikuchome. Usiitikise kama mvinyo.

Kwanza utakutana na zabibu kavu, tende, ganda la chungwa lililopikwa kwa sukari, kisha karafuu na kahawa chungu. Sehemu ya haya ni ya oloroso, ile sheri ya Jerez, Uhispania, inayokomazwa ikiguswa na hewa, ndiyo maana ina harufu ya jozi. Sehemu nyingine ni ya mti wenyewe: mwaloni wa Ulaya una tanini nyingi (ndizo zinazoleta ukakasi) na harufu nyingi za viungo kuliko ule wa Marekani.

Ukishazitambua, ziweke kando, utafute kilicho nyuma yake: shayiri, asali, moshi wa mbali sana. Ukivipata, ujue kiwanda bado kinasema. Dakika kumi zikipita na bado ni mbao na zabibu tupu, pipa limeimeza. Nimeonja wiski za bei ya kutisha zilizokuwa hivyo, na ningezibadilisha na ya miaka 15 bila kujuta.

Hatua ya 4: Mdomo. Funda la kwanza ni la kuuzoesha ulimi, usilihukumu. La pili lizungushe taratibu kabla ya kumeza. Utamu utatangulia, ukakasi utafuata. Ukakasi kidogo ni mzuri, unazuia utamu usikinai. Ukibana ufizi kama chai ya rangi iliyochemka mno, mwaloni umezidi.

Hatua ya 5: Maji. Matone mawili matatu, basi. Kwa asilimia 43 ukizidisha unaivunja. Glenfarclas 105, yenye asilimia 60, hiyo inavumilia kijiko kizima cha chai.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, ninayo ya miaka 12, nimeifungia kabatini miaka kumi. Sasa ni ya 22?*
Hapana. Wiski hukomaa kwenye pipa, ikiingia chupani imesimama. Na umri wa kwenye lebo ni wa wiski changa kuliko zote zilizochanganywa humo.

*Yangu inanuka njiti ya kiberiti iliyotoka kuzimwa. Ni feki?*
Si lazima. Mapipa ya mvinyo yalikuwa yakifukizwa salfa yasiharibike, na harufu hubaki. Wapo wanaoipenda. Iache wazi kwenye glasi, ikigoma baada ya nusu saa basi ndivyo ilivyo.

*Ni kweli mapipa ya sasa si yale ya zamani?*
Kweli, dada. Zamani sheri ilisafirishwa Uingereza kwa mapipa, na yakiisha wenye viwanda vya wiski waliyachukua. Tangu miaka ya 1980 sheri hujazwa chupani huko huko Uhispania. Siku hizi pipa huagizwa, hujazwa sheri mwaka mmoja na nusu au miwili, kisha hutolewa na pipa likapelekwa Scotland.

*Barafu je?*
Hela ni yako, mkuu. Ila baridi inafunga harufu, na harufu ndiyo uliyoilipia.