Damu ikiwa chini: anza na chai, halafu ndimu

Napika chakula cha mchana kibandani hapa Malindi. Wanaokula kwangu ni madereva wa tuktuk, wavuvi, na wasichana wa saluni. Hao wasichana ndio huniuliza, "Mama, kliniki wamesema damu yangu iko chini, nile nini?" Mimi kwanza naangalia anakunywa nini.

Chai iondoe mezani. Ya mkandaa au ya maziwa, zote zina tanini, na tanini hukamata madini ya chuma, yale yanayojenga damu, yaliyomo kwenye mboga na mbaazi, yakapita tumboni bila kuingia mwilini. Ukishakula ngoja saa nzima, hata mbili, ndipo unywe. Najua mahamri na mbaazi bila chai ni ugomvi nyumbani. Basi asubuhi kula mahamri na chai yako, mbaazi zingoje mchana.

Chuma cha maini, nyama na samaki huingia mwilini bila taabu. Cha mchicha, kunde na mbaazi ni kigumu, kinataka kusaidiwa, na msaidizi wake ni vitamini C. Kata ndimu, kamua juu ya mboga ikishapakuliwa. Usikamulie sufuriani, maana moto huiharibu vitamini hiyo. Huna ndimu? Kachumbari mbichi ya nyanya na pilipili hoho, au embe baada ya kula, vinatosha.

Watalii hupiga picha kwenye mnara wa Vasco da Gama. Mimi nikiuona nakumbuka fizi. Mabaharia wake walivuka kutoka India karibu miezi mitatu, fizi zikavimba hadi kufunika meno kwa kukosa vitamini C hiyo hiyo, na watu wapatao 30 wakafia njiani. Walipotia nanga Malindi Januari 1499, wagonjwa walikuwa wakililia machungwa, na mtu akatumwa pwani kuyaleta. Vitamini yenyewe haikutambuliwa hadi karne ya 20.

Sasa mboga. Osha mchicha kabla ya kuukata, si baada. Kaanga kitunguu na nyanya, tia mchicha, funika dakika chache, epua ukiwa bado kijani. Wale wanaouchemsha kisha wakamwaga maji, wamemwaga na vitamini. Malizia kwa tui kidogo, kwa sababu vitamini A ya mboga hufyonzwa pamoja na mafuta. Lakini tui lina hesabu yake: gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga au protini ina 4. Kwa hiyo ukikuna nazi, chagua: tui zito liende kwenye mboga au kwenye wali. Kote kuwili ni harusi, si chakula cha kila siku.

Sahani naipakua hivi: nusu mboga na matunda, robo wali au sima, robo samaki au mbaazi. Madereva hulalamika, "Mama, wali huu wa mtoto?" Nawaongezea mbaazi. Mbaazi na wali hukamilishana kwa protini, na tumbo hukaa limeshiba hadi jioni. Mbaazi kavu ziloweke usiku kucha na maji hayo uyamwage. Chuma chake kitafyonzwa vizuri zaidi.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na humo hesabu ile iliyo tayari ndani ya chakula. Ng'onda alowekwe, maji yabadilishwe, na sufuria yake isitiwe chumvi nyingine.

Kwa mja mzito, chakula peke yake hakitoshi. Vidonge vya chuma na foliki asidi vya kliniki meza kila siku kama ulivyoelekezwa, kwa maji au maji ya machungwa, si kwa chai wala maziwa. Vikikuchafua moyo, meza usiku kabla ya kulala. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ni chuma hicho. Lakini kizunguzungu kikizidi, au moyo ukienda mbio umekaa tu, rudi kliniki siku hiyo hiyo.