Jinsi ya kuomba kurudishiwa ushuru wa forodha TRA, na hiyo hela inaingia kwa nani

Kabla hujahangaika na makaratasi jua kwanza hela ni ya nani, maana wengi wanakimbilia TRA kudai kitu ambacho kisheria si chao. Ushuru ukirudishwa unarudi kwa yule ambaye jina na TIN yake (namba ya mlipakodi) vimeandikwa kwenye TANSAD, ile fomu ya forodha ya kutangaza mzigo, kama mwagizaji, basi. Mteja aliyenunua friji dukani kwako, ambaye kimsingi ndo aliyeubeba huo ushuru kwenye bei, hapati hata mia.

Sasa wanaoumia zaidi ni wafanyabiashara wadogo wa Kariakoo wanaoleta mzigo Guangzhou kwa kuunganisha kontena. Umelipa kwa kyubiki mita, kila kitu humo humo, mzigo umekuja umechukua umeondoka, lakini kwenye TANSAD mwagizaji ni yule mkusanyaji wa mizigo na wewe haupo kabisa. Ikigundulika ushuru ulilipwa zaidi, hela inaingia akaunti yake na kukupa ni hiari yake, labda kama mliandikiana. Kwa hiyo andikianeni mapema, hata mistari miwili tu inatosha: "Marejesho yoyote ya ushuru wa bidhaa zilizotajwa kwenye invoisi namba fulani ni mali ya mwenye bidhaa, na mwagizaji atamlipa ndani ya siku 14 tangu yaingie benki." Saini, tarehe, kila mtu abaki na nakala.

Haya tuje kwenye kuomba. Sheria ni ile ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, kifungu cha 144, na kinakubali mambo mawili makubwa: ushuru uliolipwa kimakosa, au bidhaa iliyoharibika au kuibiwa safarini, au iliyoharibika ikiwa bado mikononi mwa forodha. Ikilowa kwenye stoo yako baada ya kutoka bandarini hiyo ongea na bima. Na kama mzigo umefika umevunjika, usiutoe kwanza, omba ukaguliwe pale pale na upate ripoti, ukishautoa nje nani atakuamini?

Muda ni miezi 12 tangu siku uliyolipa ushuru, sio tangu siku uliyogundua kosa. Hapa huwa nachoka kidogo, maana TRA wakigundua ulilipa pungufu wana miaka mitano ya kukudai, wewe ukilipa zaidi una mwaka mmoja. Ndo sheria ilivyo, weka alama kwenye kalenda.

Kusanya TANSAD yenyewe, risiti ya malipo yenye kontrol namba, invoisi, paking listi, bill of lading, na kitu kinachothibitisha kosa. Hicho cha mwisho ndo roho ya madai, bila hicho unapeleka malalamiko tu. Mfano mzigo umetoka Kenya na ulistahili asilimia 0 ila cheti cha uasili, kinachoonyesha bidhaa imetengenezwa wapi, kilikuwa hakijafika ukalipa full, basi cheti ndo ushahidi wako. Au wakala wa forodha aliweka HS code (namba ya aina ya bidhaa, ndo inayoamua kiwango cha ushuru) ya asilimia 25 wakati bidhaa ni ya asilimia 10, hapo leta katalogi ya mtengenezaji na maelezo kwa nini code sahihi ni ile nyingine. Barua iandikwe kwa Kamishna wa Forodha na itoke kwa mwagizaji mwenyewe, au wakala akiwa na barua ya kumruhusu, na uweke akaunti ya benki yenye jina lile lile la kwenye TIN. Ukiweka akaunti ya shemeji unatafuta usumbufu. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Piga hesabu vizuri pia. Tuseme thamani ya mzigo hadi bandarini ni milioni 20, ukalipa asilimia 25 yaani milioni 5 badala ya milioni 2, umezidisha milioni 3. Ila VAT inapigwa juu ya thamani pamoja na ushuru, kwa hiyo asilimia 18 ya hiyo milioni 3, yaani laki 5 na 40 elfu, nayo ilizidi. Kama umesajiliwa VAT na ulishaikata kwenye VAT unayodaiwa ulipojaza ritani zako, usiidai tena, hiyo umeshaifaidi.

Kingine, usishangae kama una deni la kodi sehemu nyingine wakalikata humo humo, wana haki hiyo. Na usiweke hiyo hela kwenye bajeti ya mwezi ujao, maana inaweza kuchelewa: ile asilimia 15 ya ziada ya ushuru wa sukari ya viwandani ambayo kiwanda kilikuwa kinalipa kwanza kisha kinarudishiwa, wenye viwanda walilalamika sana mitaji yao kukwama humo, na hao wana wahasibu na mawakili wao.

Wakala akitaka asilimia ya kitakachorudi sawa, ila kama kosa la HS code lilikuwa lake mimi nisingemlipa hata senti.

Mwisho kuna hili la kupandishiwa thamani, kwamba invoisi inasema hivi afisa anasema hapana. Hilo usilipeleke kama marejesho ya kifungu cha 144, huo ni uamuzi na unapingwa kwa kifungu cha 229, una siku 30 tu kuomba Kamishna aupitie upya. Naye ana siku 30 za kukujibu, akikaa kimya hadi zikapita sheria inahesabu amekubali ombi lako, ndo maana nikasema ule muhuri wa kupokelewa ni muhimu. Akikataa, una siku 45 kwenda Bodi ya Rufani za Kodi.