Mashine Inaanza kwa Kasi Kisha Inalegea: Pima Kwanza, Feni Utanunua Baadaye

Wateja wangu wengi ni wahariri wa video za harusi, na kilio chao ni kimoja. "Fundi, mashine ni i7, RAM ipo, lakini nikianza kurenda (kutoa video iliyokamilika) inakimbia kidogo tu halafu inalegea." Mpaka anafika kwangu, mtu ameshaambiwa abadili pesti ya kupitishia joto la prosesa, anunue feni kubwa, apige Windows upya. Mimi namuuliza maswali mawili: inalegea baada ya muda gani, na ikishalegea prosesa inasoma nyuzi ngapi za joto? Majibu yake yanatosha kujua kama tunashughulika na joto au na ukomo wa umeme, na dawa ya huyu haimponyi yule.

Chukua mashine inayonipitia sana hapa Dar: kompyuta ya ofisi iliyotumika Ulaya, ndani ina prosesa ya Intel Core i7-10700. Karatasi inasema wati 65, kasi ya msingi 2.9 GHz, ya juu kabisa 4.8. Watu wakiona 65 wanadhani prosesa haili zaidi ya hapo. Inakula, tena sana. Intel ameiwekea mipaka miwili: PL1, ambao ni wa kudumu, wati 65, na PL2, ambao ni wa muda mfupi, wati 224. Muda wenyewe unaitwa Tau, na hapa ni sekunde 28. Mashine ikitoka kupumzika inaruhusiwa kula kwa pupa, lakini wastani wa ulaji ukishagonga 65 inarudishwa kwenye mstari. Namba hizo aliyeunda kompyuta anaweza kuzibadili, na waundaji wa mashine za ofisi huwa wanazibana, maana kasha ni dogo na pawasaplai haina ziada. Ndiyo maana prosesa ileile kwenye mashine ya kujiundia, yenye mazabodi ya wacheza gemu, inaweza kuiacha mbali hii yako.

Kupima ni bure. Weka HWiNFO, programu ya kusoma vihisi vya mashine, ifungue upande wa vihisi tu, kisha washa Cinebench R23, programu ya kuipa prosesa kazi nzito, iache ikimbie dakika 10. Macho yako yawe kwenye vitu vitatu: umeme wa prosesa nzima, joto, na kasi ya koa (vitengo vya kazi ndani ya prosesa). Kwenye hiyo i7-10700 utaona umeme ukiruka kupita wati 100, koa zote zikiwa karibu na 4.6, joto likipanda haraka. Inakaribia nusu dakika, umeme unadondoka hadi 65 na kukaa hapohapo kama umepigiliwa msumari. Kasi inashuka hadi gigahetsi tatu na kitu. Sasa angalia joto: nalo limeshuka! Prosesa iliyozidiwa na joto haifanyi hivyo. Huo ni PL1 unafanya kazi yake, na hata uibandike hitsinki (chuma cha kupoza prosesa) ya laki mbili, itabaki kwenye 65.

Joto lenyewe lina sura nyingine. Nyuzi zinapanda hadi 100, ambao ndio ukomo wa prosesa hii, zinang'ang'ania hapo, na umeme ndio unaoyumba: 88, 79, 71, haujui utulie wapi. HWiNFO nayo, kwenye mstari wa Thermal Throttling, inaandika Yes kwa rangi nyekundu.

Ugonjwa wa tatu ni mjanja zaidi. Mashine inatambaa kwenye 0.8 GHz tangu inawaka, hata haijapewa kazi, na joto ni nyuzi 45. Hapo kuna kifaa kingine kinachoiamuru prosesa ipunguze mwendo, kupitia waya wa ishara uitwao PROCHOT. Kwenye Dell ndogo zinazotumia adapta ya nje, anza na adapta: mashine isipoitambua, inajibana yenyewe. ThrottleStop, programu ya kurekebisha mipaka ya prosesa, ina kisanduku cha BD PROCHOT unachoweza kukizima. Kizime kwa kupima tu, kisha utafute kifaa kinachotuma ishara hiyo.

Ukikuta ni PL1, ingia BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows) kwanza uutafute mpaka huo, ingawa mashine za ofisi mara nyingi hazina kipengele hicho. Kisha fungua dirisha la TPL, la mipaka ya umeme, ndani ya ThrottleStop. Ikionyesha mipaka imefungwa, basi, ndiyo mashine uliyonunua. Usimlipe mtu anayekuahidi miujiza. Kama iko wazi, panda taratibu, 65 hadi 75, upime tena, ndipo uongeze. Mimi sipendi kuvuka 90 kwenye mazabodi ambazo saketi ya kulisha prosesa haina hata kipande cha alumini juu yake. Prosesa itakuwa salama, ila vile vijidude pembeni yake vitapikwa.

Ikiwa ni joto, kazi ni ya mikono. Puliza vumbi kwa bloa ukiwa umezuia panga la feni kwa kidole, lisizunguke ovyo. Toa hitsinki, futa pesti iliyokauka kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya harage dogo, na kaza skrubu kwa mshazari, kidogokidogo kila moja. Kabla ya kununua feni, tazama kichwa cha waya: baadhi ya mashine za Dell zina pini 5 badala ya 4 za kawaida, na ya dukani haitaingia.

Usisahau chumba. Mashine iliyokuwa ikikaa kwenye ofisi ya nyuzi 22 ukiihamishia chumba cha nyuzi 32 hapa Februari, prosesa nayo inapanda kiasi kama hichohicho. Kwa hiyo kipimo cha mwisho kifanye saa nane mchana, kava likiwa limefungwa na mashine ikiwa palepale inapokaa siku zote. Wengi wanapima kasha likiwa wazi mezani kwa fundi, feni inawapepea, namba zinapendeza. Wakifika nyumbani wanaisukuma chini ya meza hadi igusane na ukuta, na kesho yake simu yangu inaita.