Jinsi ya kuandaa Morgon katika joto la Mombasa

Nimehudumu mezani kwenye hoteli za Nyali na Shanzu kwa miaka 17, na kila Februari bado namsikia mhudumu kijana akimwambia mgeni kwamba mvinyo mwekundu hauwekwi kwenye friji. Kanuni hiyo ilizaliwa Ulaya, kwenye nyumba za mawe ambazo chumba chake kilikuwa na nyuzi 16 au 18. Stoo zetu wakati wa kaskazi zinafika nyuzi 30. Mwaka wangu wa kwanza nilichukua chupa ya Morgon, mvinyo mwekundu wa Ufaransa, kwenye stoo iliyopakana na jiko, nikaimimina. Mgeni alionja mara moja akaisogeza glasi. Mzee wa baa aliniita kando akasema, "Mwanangu, onja ulichompa mgeni." Nikaonja. Spiriti ilinipanda puani, na tunda halikuwepo.

Tangu siku hiyo huupoza kwanza, na Morgon ndio mvinyo ninaoupenda kuliko yote, na ndio ninaofundishia. Unatoka eneo la Beaujolais, kaskazini mwa mji wa Lyon nchini Ufaransa, kwenye vilima vinavyozunguka kijiji cha Villié-Morgon. Zabibu yake ni aina moja, Gamay. Mwaka 1395 Philippe le Hardi, mtawala wa Burgundy, aliamuru Gamay ing'olewe katika ardhi yake kwa kuwa aliiona duni. Kusini zaidi, kwenye udongo wa matale (graniti) usio na rutuba nyingi, ikapata kwao. Kwenye kilima cha Côte du Py, kilicho maarufu kuliko vyote hapo Morgon, mwamba umelegea hadi wenyeji wanauita mwamba uliooza, na mvinyo wake ni mzito na hudumu miaka mingi.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea: lebo inaweza kuandika Morgon tu, bila neno Gamay wala Beaujolais kwa herufi kubwa. Morgon ni mojawapo ya sehemu kumi za Beaujolais zinazoruhusiwa kutumia jina lao wenyewe. Nyingine ni Brouilly, Côte de Brouilly, Chénas, Chiroubles, Fleurie, Juliénas, Moulin-à-Vent, Saint-Amour, na Régnié iliyoingia mwisho mwaka 1988. Yaandike majina haya kwenye simu kabla hujaenda dukani. Beaujolais Nouveau ni kitu kingine. Hutoka Alhamisi ya tatu ya Novemba na hunywewa ukiwa mchanga, kwa hiyo ukiukuta rafuni mwaka mmoja baadaye, upite.

Soma mwaka pia, maana huo ni mwaka wa mavuno. Wakati wa baridi mizabibu hulala bila jani hata moja, na wakulima huipogoa. Karibu na Aprili huchipua, na usiku mmoja wa jalidi unaweza kuunguza machipukizi. Mwezi Juni huchanua. Aliye na mwembe nyumbani ataelewa mara moja: mvua kubwa ikikuta maua, maua hupukutika na tunda halishiki. Kuanzia maua hadi kuvuna ni kama siku 100, kwa kawaida hadi Septemba. Mwaka 2003 joto lilikuwa kali hata wakavuna Agosti. Mwaka 2016 mvua ya mawe ilipiga Fleurie, Chiroubles na sehemu za Morgon, na wapo waliopoteza karibu kila kitu.

Mashada huchumwa kwa mkono, kisha hutiwa kwenye tangi yakiwa mazima na vikonyo vyake. Zabibu za chini hupasuka kwa uzito, zikachacha na kutoa kaboni dioksaidi, na zile za juu huanza kuchacha zikiwa bado ndani ya ganda. Ndiyo maana mvinyo huu hauna ukakasi mwingi, ule unaokausha ulimi kama bibo, na ndiyo maana unakubali ubaridi. Mvinyo wenye ukakasi mkali ukiupoza hukaza zaidi.

Dukani, usichukue chupa iliyosimama dirishani inapopigwa na jua, hata kama ni ya mwisho. Pitisha kidole mdomoni mwa chupa. Kizibo kikiwa kimeinuka, au kukiwa na unato uliotiririka shingoni, joto lilishaingia. Nyumbani ilaze sehemu ya chini kabisa ya kabati, mbali na jiko, au iache kwenye friji moja kwa moja kama utainywa ndani ya wiki chache.

Lengo ni nyuzi 13 hadi 15. Chupa iliyokuwa stoo iweke kwenye friji saa moja na nusu. Iliyolala friji usiku kucha itoe dakika 20 kabla ya kufungua. Stima ikipotea, ndoo inatosha: barafu nusu, maji nusu, konzi ya chumvi, chupa izame hadi shingoni kwa robo saa. Maji usiyasahau, kwani barafu peke yake huacha nafasi na chupa hupoa upande. Mimina kidogo, theluthi ya glasi tu, kwa sababu chini ya makuti glasi hupata joto haraka kuliko unavyodhani, kisha irudishe chupa kwenye ndoo.

Chakula? Kuku wa kupaka, bila shaka yoyote moyoni mwangu. Tui linaupokea mvinyo vizuri, mradi pilipili isizidi. Changu wa kuchoma pia, na hapo wageni hushangaa, kwa kuwa mvinyo mwekundu wenye ukakasi huacha ladha ya chuma ukikutana na samaki, lakini huu hauachi.

Ukibaki, rudisha kizibo, uweke friji, umalize ndani ya siku tatu. Siku ya nne mimi hutia kwenye mchuzi wa ng'ombe.