Makaratasi Hayamo Mkononi mwa Mumeo: Ulinzi wa Sheria za Marekani kwa Anayeteswa Nyumbani

Kitisho chenyewe huwa ni kifupi: "Nitawapigia simu Uhamiaji, wakurudishe kwenu." Mwanamke aliyefika Minneapolis au Dallas kwa njia ya ndoa, ambaye barua zote za Idara ya Uhamiaji hufunguliwa na mumewe na hata namba ya faili lake haijui, huliamini neno hilo kwa sababu hana cha kulipimia. Mwongozo huu unahusu Marekani na umeandikwa kwanza kwa ajili ya mtu kama huyo, ingawa sheria zinazotajwa humu zinamlinda pia mwanamume anayeteswa na mkewe.

Kabla ya yote, jua uliingia nchini kwa njia gani. Ikiwa mlikuja kwa bahati nasibu ya viza, mume akiwa ndiye mshindi na wewe ukiwa umeandikwa kama mke wake, Green Card (kadi ya ukaazi wa kudumu) uliyopewa ni yako na mumeo hana uwezo wa kuifuta, hata mkiachana mwezi ujao. Ndivyo ilivyo pia kwa familia za Wakongo na Warundi zilizopokelewa kama wakimbizi: mke aliyeingia na hadhi ya ukimbizi anaishikilia mwenyewe. Aliyeolewa na raia, ndoa ikiwa haijatimiza miaka 2 siku alipopata ukaazi, hupewa kadi ya miaka 2 yenye masharti, na kwa kawaida wanandoa hujaza pamoja fomu I-751 ili masharti hayo yaondolewe. Hapo ndipo wengi hukamatwa pabaya, kwa kuwa mume hugoma kutia saini. Sheria inamruhusu mke aliyefanyiwa ukatili kuijaza fomu hiyo peke yake, bila kusubiri talaka na bila kungoja siku 90 za mwisho kabla kadi haijaisha muda wake.

Asiye na kadi kabisa, akiwa ameolewa na raia au na mkaazi mwenye Green Card, anaweza kujiombea mwenyewe kwa fomu I-360, chini ya sheria ya mwaka 1994 ya kupinga ukatili dhidi ya wanawake, inayojulikana kwa kifupi kama VAWA. Fomu hiyo haitozwi ada. Mume haarifiwi kwamba imepelekwa, maafisa wa uhamiaji wamekatazwa kumpa habari za ombi hilo, na hawaruhusiwi kukuamulia vibaya kwa kutegemea maneno yake peke yake. Ukatili unaozingatiwa hauishii kwenye kipigo: vitisho, kufungiwa ndani, kunyang'anywa pasipoti, kuchukuliwa mshahara wote na kukatazwa kuzungumza na ndugu vinaweza kuhesabiwa vikielezwa kwa ukamilifu. Utatakiwa kuonyesha kwamba ndoa ilikuwa ya kweli na kwamba mliishi pamoja, na hapa vitu vya kwetu vina thamani kuliko wengi wanavyodhani: video ya siku ya mahari, picha za harusi, cheti cha nikaha, mkataba wa nyumba wenye majina mawili, jumbe za WhatsApp mlizoandikiana na mawifi.

Aliyeachika anaweza bado kuomba, iwapo talaka ilitokana na ukatili huo na haijapita miaka 2. Miaka hiyo huhesabiwa tangu hukumu ya mahakama, kwa kuwa talaka tatu zilizotamkwa sebuleni mkiwa Marekani hazivunji ndoa mbele ya sheria za huko. Ukiolewa tena kabla ombi halijakubaliwa, ombi hilo hufa.

Ambaye mwenzake si raia wala mkaazi, au ambaye hawakufunga ndoa, ana njia ya viza ya U, iliyowekwa mwaka 2000 kwa waathirika wa uhalifu wanaosaidiana na vyombo vya dola. Inahitaji polisi au mwendesha mashtaka atie saini fomu ya uthibitisho, na kwa kuwa nafasi ni 10,000 tu kwa mwaka, foleni yake ni ya miaka mingi.

Amri ya ulinzi ni jambo jingine, nalo halihusiani na uhamiaji. Hutolewa na mahakama ya jimbo, na haidai uwe na kibali cha kuishi nchini. Hakimu anaweza kutoa amri ya muda baada ya kukusikiliza wewe peke yako, kisha pande zote huitwa baadaye. Inaweza kumtoa mume nyumbani na kumkataza kukukaribia au kukupigia simu, na ikitolewa Ohio huheshimiwa hata ukihamia Texas.

Mbele ya hakimu, maneno huamua mengi. Nimewahi kukaa kwenye kiti cha mkalimani, na neno lililonisumbua kuliko yote lilikuwa "tulikosana". Mama mmoja alilitumia kwa heshima, hakutaka kumvua mumewe nguo hadharani. Kwa Kiingereza likatoka kama watu wawili waliobishana, na ndivyo lilivyosikika. Wakili alipomuuliza mkono wa nani ulishika wapi, ndipo aliposema kwamba alikabwa shingo mlangoni mwa jikoni mpaka macho yakaona giza. Kukabwa shingo ni kosa zito la jinai katika majimbo karibu yote, na aliyekabwa anapaswa kwenda hospitali hata kama hana alama. Kwa hiyo taja kiungo, taja kitu alichoshika, taja siku. Usikubali shemeji au mtoto akutafsirie. Sema tu "Swahili", udai mkalimani.

Wazee wakipiga simu kutoka nyumbani kutaka yafunikwe, wasikilize kwa adabu, lakini usitie saini karatasi yoyote ya mapatano kabla wakili hajaisoma. Tena awe wakili kweli, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani, si yule mjuaji wa makaratasi anayejaza fomu za kila mtu baada ya ibada. Ombi likikataliwa na huna hadhi nyingine, unaweza kuitwa kwenye mahakama ya uhamiaji.

Kama una watoto, usipande nao ndege kwenda Nairobi au Dar es Salaam kabla ya kupata amri ya malezi, kwani unaweza kushtakiwa kwa kuwatorosha.

Hatari ikiwa mlangoni, piga 911. Kwa ushauri, simu ya kitaifa ya ukatili wa nyumbani ni 1-800-799-7233, hupokelewa saa 24 bila malipo, na mkalimani hupatikana. Piga kwa simu ya rafiki ikiwa laini yako iko kwenye bili ya mumeo, maana namba ulizopiga huenda akaziona. Na unapojaza fomu yoyote ya uhamiaji, andika anwani ya posta ambayo yeye hana ufunguo wake.